Jumanne ya Refa

Katika mji ule kila mtu alimjua aliyemuua Refa, ila hukuweza kupata watu wawili wakakutajia mtu mmoja. Kinyozi alikuwa na muuaji wake, muuza magazeti alikuwa na wake, na dereva teksi alikuwa nao wawili: mmoja wa safari fupi, mwingine wa safari ndefu. Waliosimulia kwa uhakika kuliko wote ni wale ambao wakati huo hata kuzaliwa walikuwa bado.

Kisa chenyewe, kama kilivyozoeleka vinywani, kilikuwa hivi. Fainali ya kombe, timu mbili za mji mmoja, uwanja umefurika hadi watu wamekaa juu ya kuta. Dakika za lala salama, bado bila kwa bila, Refa akapuliza filimbi na kunyoosha mkono kwenye nukta ya penalti. Penalti ikaingia. Nusu ya mji ikaimba, nusu ikalia. Halafu Refa akakutwa amelala chini nyuma ya karakana ya mbao, amepigwa kichwani, amekwisha kufa, na mkoba wake haupo. Ikasemwa kwamba ni shabiki wa timu iliyofungwa, mwenye uchungu, na kwamba filimbi ameificha mahali, aitazame kila mwaka kama kombe lake mwenyewe. Mara kwa mara alizuka mtu sokoni akiuza "filimbi halisi ya Refa", na wanunuzi hawakukosekana.

Magazeti yaliandika. Redio ikatengeneza vipindi. Vikatoka vitabu viwili vinene, na vyote vilibishana kuhusu jambo moja: je, ile ilikuwa penalti au haikuwa?

Na katika maandishi yote hayo kuna mtu mmoja hakukosa kutajwa. Huyo ni Parapanda.

Parapanda alikuwa mchora mabango, fundi hasa, mtu wa kuandika herufi kwa brashi bila rula na zikasimama mstari mmoja kama askari. Jina la utani alilipata kwa tarumbeta aliyoipulizia timu yake kila Jumapili. Siku ya fainali, timu yake ikiwa imelala, mtangazaji wa redio alimsogezea kinasa sauti getini, naye akatoka povu: "Huyu refa akilala salama, mimi si mwanamume!" Sauti ile ikarushwa hewani jioni hiyo hiyo. Refa alipouawa, polisi hawakuona haja ya kuhangaika. Walimkuta Parapanda juu ya ngazi akichora bango la duka la viatu, wakamteremsha na rangi yake mikononi.

Alikaa mahabusu karibu mwaka mzima. Ushahidi haukupatikana, maana haukuwepo, akaachiwa. Lakini polisi wakikuachia, mtaa unaweza kuwa bado umekushika. Wenye maduka hawakumtaka tena. Kazi alizopata zilikuwa za kuandika maonyo kwenye kuta: Mbwa Mkali, Usimwage Taka Hapa, Usiegeshe Gari. Wateja wake walisema bila haya kwamba onyo likiandikwa na Parapanda, watu wanaliogopa.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye nywele zake utotoni zilisimama wima hata zikipakwa mafuta kiasi gani. Baba yake akamwita Brashi, na jina likamganda mpaka ukubwani. Brashi alikua akizoea mazungumzo kukatika kila yeye na baba yake walipoingia dukani. Alipomaliza masomo akawa mwandishi wa habari za mahakamani, na watu waliomfahamu hawakushangaa.

Mwaka alioacha gazeti, mhariri wa shirika moja la vitabu alimwita ofisini. Huyo mhariri alikuwa mtu wa bashasha, kitambi mbele, miwani juu ya paji la uso, na muda wote anaitafuta mezani.

"Niandikie kitabu cha Refa," akasema. "Faili unajua kuzisoma, mahakamani umeota mizizi. Na tena..." Akasita.

"Na tena ni binti wa Parapanda."

"Mimi sikusema hivyo."

"Umesema kwa macho."

Mhariri akacheka, akashika kifua kama mtu aliyekamatwa na ushahidi. "Haya, nimesema. Lakini nakuomba kitu kimoja. Mwishoni nataka jina. Vile vitabu viwili vimezunguka weee, halafu msomaji anaachwa njia panda. Mtu ananunua kitabu cha mauaji amjue muuaji, siyo?"

Brashi alikubali, ingawa si kwa ajili ya mhariri. Alitaka baba yake apite sokoni angalau mara moja, watu wasikatishe maneno yao.

Parapanda mwenyewe hakufurahi hata kidogo. Alikuwa uani, anaosha brashi kwenye kopo la mafuta ya taa, mgongo umeanza kupinda.

"Mwanangu, achana na hilo jambo. Limelala. Ukiliamsha litakuja kuniuliza mimi kwanza."

"Halijalala, baba. Limenyamaza tu, macho limetoa."

Mzee akakung'uta brashi, akaipangusa taratibu kwa kitambaa. "Utaanzia kwa nani?"

"Kwa mjane."

Mkono wa Parapanda ukasimama. "Yule mama alinitazama siku ile pale kituoni. Mara moja tu, basi. Mpaka leo nikifumba macho nalikuta lile jicho linaningoja." Akafunika kopo. "Kama ni lazima uende, usimfiche wewe ni mtoto wa nani. Hilo tu."

Mjane wa Refa aliitwa Mama Dobi na mtaa mzima. Duka lake lilikuwa chumba kirefu chenye mvuke, harufu ya sabuni na wanga, pasi nzito mbili, na mashine ya kufulia ambayo ikifika kwenye kukamua ilitembea yenyewe, hivyo alikuwa ameifunga kamba ukutani kama mbuzi. Bango juu ya mlango lilikuwa limepauka hata ukilisoma ilibidi ukisie.

"Karibu. Nguo ngapi?"

"Shikamoo, mama. Sikuja na nguo. Mimi ni mwandishi. Na kabla hujaniambia chochote, nikwambie kabisa: mimi ni binti wa Parapanda."

Pasi haikusimama. Ilifika mwisho wa mkono wa shati, ikageuka, ikarudi.

"Mlango ulioingilia bado uko wazi," Mama Dobi akasema.

Brashi akatoka. Wiki iliyofuata alirudi na nguo, kama mteja. Akalipa, akashukuru, akaenda zake bila kuuliza swali. Akarudi tena, na tena. Wakawa wanaongea mambo ya kola na vifungo. Siku moja Mama Dobi aligeuza mfuko wa blauzi ya Brashi nje ndani, akautazama.

"Hii kalamu unaandikia au unainywa? Wino umejaa mpaka kwenye bitana."

"Inavuja, mama."

"Tupa kalamu. Blauzi bado nzima." Na kwa mara ya kwanza alitabasamu, kidogo tu, kama aliyetabasamu kwa bahati mbaya.

Ndipo ikaja asubuhi ya mashuka. Hoteli moja ilikuwa imeleta mzigo mkubwa, na mwanamke aliyekuwa akimsaidia Mama Dobi alikuwa mgonjwa kwao. Shuka la kitanda kikubwa mtu mmoja halikunji vizuri. Brashi alipoingia na furushi lake, Mama Dobi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akamtazama mikono.

"Misafi?"

"Misafi, mama."

"Shika huko."

Wakashika ncha nne, kila mmoja mbili, wakavuta shuka likalia, wakasogeleana, ncha zikakutana, wakarudi nyuma, wakasogeleana tena. Kazi ile huwezi kuifanya na mtu bila kumtazama usoni. Shuka la kwanza walikunja kimya. La pili pia. Walipofika kwenye la tano au la sita, Mama Dobi akaanza kuongea mwenyewe.

"Wenzako waliokuja hapa, wote waliniuliza penalti. Mimi mpira siujui! Mpaka leo mtu akiniambia fulani ameotea, najiuliza ameota nini."

Brashi akacheka hadi ncha ikamponyoka. "Mimi sitakuuliza penalti."

"Utaniuliza nini sasa?"

"Siku yenyewe. Watu wote wanasema usiku wa fainali. Nimesoma magazeti ya wakati ule: fainali ilikuwa Jumapili, na mzee aliuawa Jumanne. Nataka kujua Jumanne hiyo aliamkaje. Alisema nini. Alivaa nini."

Mama Dobi akabaki na shuka kifuani. Mashine ilikuwa ikitikisika kwenye kamba yake, na hakuna aliyeigeukia.

"Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema.

Akavuta kiti, akakaa, akamwonyesha Brashi juu ya rundo la mashuka akae.

"Ilikuwa siku ya kazi. Unajua kazi yake? Watu wanadhani alizaliwa na filimbi mdomoni. Alikuwa afisa wa vipimo, serikalini. Mizani za sokoni, mawe ya kupimia, pampu za mafuta. Wiki nzima anapima, Jumapili anapuliza. Nilikuwa namtania: mume wangu, kazi zako zote mbili ni za kutukanwa." Akatabasamu, macho yako mbali. "Jumanne ile alikunywa chai amesimama. Goti linamuuma kwa mbio za Jumapili. Nikamwambia pumzika leo, mji umechafuka, watakurushia mawe. Akasema, wa mpira watanitukana wiki moja, wakishinda mechi inayofuata wamenisahau. Anayeniumiza kichwa ni yule jamaa wa mafuta. Pampu yake nimeifunga Ijumaa, inawapunja watu, nimeitia lakiri, muhuri wa serikali. Naambiwa ameikata lakiri anauza kama kawaida. Leo napitia kwake kabla ya ofisini. Akachukua mkoba, akatoka."

"Mkoba wa urefa?"

"Wa kazini. Ule mkubwa wa ngozi, wenye koleo la kufungia lakiri na vile vibati vyake vya muhuri. Wa urefa si ule pale?"

Alinyoosha kidole nyuma ya mlango. Kwenye msumari, chini ya aproni mbili, kulikuwa na mkoba mdogo wa kitambaa cha kijani kilichochujuka. Brashi alisimama. Aliomba ruhusa ya kuufungua, akapewa. Ndani mlikuwa na kadi ya njano, kadi nyekundu, sarafu ya kurushia, na filimbi ya chuma yenye kamba iliyosokotwa kwa mkono.

"Mama, mji wote unajua filimbi hii iliibwa na muuaji."

"Nasikia." Mama Dobi aliinamisha kichwa. "Askari walipokuja waliniuliza, mkoba wake uko wapi? Nikasema alitoka nao. Wakaandika, wakaondoka. Kesho yake redio inasema mkoba wa refa, filimbi ya refa. Nikataka kwenda kuwaambia sivyo. Halafu nikafikiri: wakijua iko hapa wataichukua. Wataipiga picha, wataibandika namba, itakaa kwenye kabati lao mpaka ipate kutu. Kitu cha mume wangu chenye pumzi yake ndani ni hicho tu. Nikasema, acha wajue imeibwa. Mimi nibaki nayo."

Brashi alipiga magoti mbele yake, akaupeleka mkono wake juu ya mkono wa mama yule. Alichagua maneno polepole, maana alijua yatakapoangukia. "Mama, aliyemuua alimpekua akachukua mkoba. Ulikuwa na koleo la lakiri. Shabiki wa mpira angelitakia nini koleo la lakiri?"

Mama Dobi aliutazama ule mkoba wa kijani. Brashi aliuona uso ule ukihesabu, ukirudi nyuma, ukifika mahali na kusimama.

"Kwa hiyo hata penalti..." akasema, na hakumaliza. Baadaye, akiwa ameshikilia ukingo wa meza ya pasi: "Miaka yote hii. Nimemchukia baba yako miaka yote hii. Nimeamka naye, nimelala naye."

"Hukuambiwa kingine, mama. Mji mzima haukuambiwa kingine."

Mama Dobi alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya shuka, kisha akaliangalia lile shuka na kusema, "Hili sasa lirudi kwenye maji." Wote wawili wakacheka, cheko la watu waliochoka. Mkoba wakaurudisha kwenye msumari wake, na siku hiyo mashuka yote yalikunjwa.

Brashi hakukaa. Aliipita barabara yote inayotoka nyumba aliyokuwa akiishi Refa hadi karakana ya mbao, akazungumza na waliokuwa wakiishi pale zamani. Vituo vya mafuta wakati ule vilikuwa vitatu. Kimoja kiliungua kabla ya fainali, kimoja kilikuwa cha ushirika. Cha tatu mwenyewe alikuja kutajirika, akawa mtu ambaye akiingia ukumbini watu wanasimama. Jina lake likamkaa Brashi mdomoni kama peremende.

Alipomsimulia mhariri, mhariri alisimama, miwani ikamwangukia puani penyewe. "Ndiye! Tumempata! Weka jina hilo sura ya mwisho, na kitabu hiki kitasomwa mpaka na wasiojua kusoma!"

"Siliweki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijui kama ni yeye. Nina barabara na vituo vitatu. Pengine nimehesabu vibaya, pengine kulikuwa na cha nne, pengine ni mfanyakazi wake, yeye hakujua lolote."

"Andika 'inadhaniwa'. Andika 'wengi wanaamini'. Wote wanaandika hivyo."

"Najua wote wanaandika hivyo," Brashi akasema. Hakupaza sauti. "Mimi nimekulia ndani ya nyumba ya mtu aliyeandikwa 'inadhaniwa'. Baba yangu anaandika Mbwa Mkali kwenye kuta za watu kwa sababu ya neno hilo. Kama jina lipo, atalitoa mwenye kazi ya kulitoa. Mimi nitaandika Jumanne."

Mhariri alirudi kwenye kiti chake. Akaketi. "Utaniua kwa presha," akasema, ila mkataba hakuuchana.

Polisi palikuwa na ofisi moja mwisho wa korido kwa kesi zilizokwama, na inspekta wake alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, anayekunywa maji moto matupu. Alimsikiliza Brashi bila kumkatiza. Kisha akainuka, akaivuta faili nene iliyofungwa kamba, akaipekua.

"Kilichochukuliwa: mkoba wa refa," akasoma. Akageuza kurasa. "Mahojiano ya wachezaji. Mashabiki. Viongozi wa klabu. Baba yako, baba yako, baba yako tena." Akainua macho. "Ofisini kwake hakwenda mtu hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Walikuwa na sauti ya mtu kwenye kanda, na mji unapiga kelele. Nani angekwenda kuuliza habari za pampu?" Akafunga faili. "Mama yuko tayari kuja?"

Mama Dobi alikuja na mkoba wa kijani kwenye mfuko, amevaa gauni alilolipiga pasi hadi mikunjo ikawa kama visu. Alikuwa amejiandaa kuuacha ule mkoba. Inspekta aliufungua, akaupiga picha pale pale mezani, kila kitu na upande wake, akaandika, akamsainisha, kisha akamsogezea.

"Ninachohitaji ni kujua kwamba upo kwako na haujawahi kuibwa. Hilo nimeliona. Uhifadhi, nikiuhitaji nitakuita."

Mama Dobi akauchukua kwa mikono miwili. Halafu akaeleza. Alieleza asubuhi nzima: chai, goti, pampu, lakiri, maneno yote ya mlangoni. Inspekta aliandika, akauliza, akaandika. Mwishoni alisema, "Sikuahidi kitu, mama. Ila miaka yote tulikuwa tunalima shamba lisilo letu. Kuanzia leo tumehamia kwingine."

Nje, kwenye ngazi za kituo, Mama Dobi alimshika Brashi mkono. "Mlete baba yako."

Parapanda alikataa, akakubali, akakataa tena. Alivaa shati jeupe akalivua, akavaa la kazini, akasema hilo lina rangi, akarudia jeupe. Walipofika dukani alisimama kizingitini kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Mama Dobi alikuwa amesimama nyuma ya meza ya pasi. Pasi ilikuwa imezimwa.

"Mama," Parapanda akaanza, "yale maneno ya redioni..."

"Nimeyasikia yale maneno kuliko unavyodhani. Kaa." Akamvutia kiti yeye mwenyewe. "Siku ile kituoni nilikutazama."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuombea mabaya. Wewe na kizazi chako. Na kizazi chako ndicho hiki kimenikunjia mashuka." Akaisogeza pasi kando. "Nimekuita nilitoe lile jicho, shemeji. Sitaki tena uende nalo."

Kwa kumwita shemeji alimaliza yote. Parapanda aliziba uso kwa kofia, mabega yakamtikisika, na Brashi akatoka nje akasimama barabarani, akijifanya anasoma matangazo.

Alipoingia tena aliwakuta wanabishana. Mama Dobi anasema bango lake limekufa na anataka lichorwe upya. Parapanda anasema atalichora bure. Mama Dobi anasema bure hataki, atalipa kwa kufua mashati yake mpaka wote wawili wazikwe.

"Mashati yenyewe ninayo manne," Parapanda akasema.

"Basi utanunua mengine."

Bango lilichorwa Jumamosi, mchana kweupe, wakati barabara imejaa. Parapanda alipanda ngazi na makopo yake, na Mama Dobi akasimama chini akiishikilia ngazi kwa mikono yote miwili. Watu walipunguza mwendo. Muuza magazeti akasimama. Kinyozi akatoka na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Hakuna aliyetangaza kitu, hakuna aliyetoa hotuba. Watu waliona tu mjane wa Refa anamshikia ngazi Parapanda ili asianguke, na anamkemea.

"Hiyo 'D' imekaa upande!"

"Haijakaa upande, mama. Wewe ndiye umesimama upande."

Mwenye duka la viatu, mtoto wa yule wa zamani, alitazama mpaka herufi ya mwisho. Rangi ilipoanza kukauka alivuka barabara, akasalimia, akasema na la kwake nalo limechakaa, mzee atakuwa na nafasi lini?

Kitabu kilitoka miezi michache baadaye. Kilisimulia maisha ya mtu mmoja aliyepima mizani ya wauza mchele na kuwaambia wateja wadai haki yao, aliyekuwa na goti bovu, aliyeoa dobi asiyejua mpira. Kiliishia mlangoni, Jumanne asubuhi, na mkoba wa ngozi mkononi na maneno aliyomwambia mkewe. Penalti ilipata ukurasa mmoja. Jina la muuaji halikuwemo. Mhariri alilalamika mpaka siku ya kuchapa, halafu kitabu kikaisha madukani, akaanza kuwaambia watu kwamba wazo hilo lilikuwa lake.

Jambo la ajabu likatokea mjini: watu wakaanza kuulizana kuhusu mafuta. Kinyozi alimfuta kazi muuaji wake wa zamani. Dereva teksi alikumbuka kituo kilichokuwa kikimpunja. Wazee wa sokoni wakajitokeza, huyu akisema Refa aliwahi kumtengenezea mizani iliyokuwa ikimwonea yeye mwenyewe, yule akisema alimtoza faini na alistahili. Mtu aliyekuwa amebaki filimbi tu alianza kurudi na mikono, na miguu, na mizaha yake.

Kisha siku moja mtu aliyekuwa mhudumu wa pampu wakati ule, sasa babu mwenye wajukuu, alisomewa kitabu na binti yake mpaka mwisho. Akaomba viatu vyake, akaenda mwenyewe hadi ofisi ya mwisho wa korido. Aliyoyaona Jumanne ile aliyasema yote, akataja na wawili wengine walioyaona. Inspekta hakumwambia Brashi majina, na Brashi, kwa mshangao wake mwenyewe, hakuyauliza. Alielezwa tu kwamba jalada limepelekwa kwa mwendesha mashitaka, na kwamba kuna mtu mmoja ameshalala mahabusu. Mama Dobi ameshaambiwa. Amesema atahudhuria kila siku kesi itakapotajwa, na duka litafunguliwa mchana.

Siku hiyo hiyo inspekta alipiga simu nyingine, kwa Parapanda. Mzee alikuwa uani anachanganya rangi ya bango la duka la dawa. Brashi alimwona anapokea, anasikiliza, anasimama wima polepole kama anayenyooshwa na mtu.

"Ndiyo, afande... Ndiyo, ni mimi... Jina langu limefutwa kwenye jalada? Kabisa?" Akaweka kopo la rangi chini. "Afande, samahani sana, ngoja kidogo usikate. Hii simu naweka sauti kubwa."

Akaishika mbali, akabonyeza, akakosea, akabonyeza tena. Halafu akageukia ukuta wa jirani na kuita kwa sauti ambayo Brashi hakuwa ameisikia tangu utotoni, sauti ya mtu wa uwanjani:

"Jirani! Wee jirani! Toka nje, uje na mkeo! Haya, afande, wamefika. Hebu rudia tangu mwanzo, taratibu."